Gurudumu la Mbele Likitikisika: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kutuma Fedha



Ndugu wasomaji, miongoni mwa simu zinazoingia usiku katika nyumba zetu za Dallas, Fort Worth na Houston, ipo moja ambayo wengi wenu mnaijua hata kabla haijapokelewa. Hutoka kwa mdogo wako, au mpwa wako, au shemeji yako aliyekabidhiwa bajaji uliyoinunua kwa jasho la zamu za usiku. Baada ya salamu na habari za wazee, hufika kwenye jambo lenyewe: gurudumu la mbele linatikisika, fundi amesema shokapu imekufa, tafadhali tuma fedha. Fedha hutumwa. Haupiti mwezi, simu hurudi: shokapu ni mpya, lakini gurudumu bado linatikisika, na sasa fundi anasema ni beringi. Zikishatumwa za beringi, hufuata za usukani mzima.

Si lazima kuwe na udanganyifu katika habari hiyo. Mara nyingi fundi anabahatisha, dereva anaeleza nusu ya anayoyaona, na mwenye mali aliye mbali hajui la kuuliza. Nimeombwa na wazee wawili wa hapa mjini niliandikie jambo hili, nami nililipokea kwa furaha, kwani mtikisiko wa gurudumu ni somo la fizikia kabla halijawa somo la gereji, na fizikia ndiyo niliyoila chaki yake kwa miaka mingi.

Tuanze na kitu ambacho kila mmoja wetu amekiona. Nenda duka kubwa lolote la hapa Dallas, uchukue toroli la kutilia bidhaa, ulisukume kwa haraka kwenye sakafu. Mara kwa mara utapata lile ambalo gurudumu lake moja la mbele hupapatika kulia na kushoto kama mkia wa samaki aliyevuliwa. Ukipunguza mwendo linatulia, ukiongeza, linarudi. Gurudumu lile halikupinda wala halikuvunjika. Limefungwa kwenye mhimili wa kugeukia, nalo hufuata nyuma ya mhimili huo kama ng'ombe afuatavyo kamba. Likisukumwa kidogo upande mmoja, ardhi hulirudisha, likirudi hupitiliza, hurudishwa tena. Ikiwa mhimili umekazwa vizuri, mchezo huo hufa mara moja. Ukiwa umelegea, kila mrudio huupa nguvu mwingine, na mtikisiko hukua wenyewe.

Gurudumu la mbele la bajaji ni ndugu wa lile la toroli. Nalo hugeuka kwenye mhimili wa usukani, nalo hugusa ardhi nyuma kidogo ya mahali ambapo mstari wa mhimili huo ungeigusa. Umbali huo mdogo ndio unaolifanya lipende kwenda mbele bila kushikiliwa, na ndio huo huo unaolipa nafasi ya kupapatika pale kitu chochote kinapolegea. Ndege zenyewe zina maradhi haya: gurudumu la pua la ndege ndogo huwekewa kifaa cha kulizuia lisipapatike linapokimbia ardhini.

Wenzetu Wamarekani wenye pikipiki kubwa za magurudumu matatu, ambazo mnaziona kwenye barabara za Texas siku za Jumapili, wanalijua jambo hili vizuri. Chombo cha namna hiyo si kigeni hapa. Harley-Davidson walitengeneza Servi-Car yao tangu mwaka 1932 hadi 1973, na askari wa miji mingi waliitumia kukagulia magari yaliyoegeshwa. Lakini mtu anayeichukua pikipiki ya magurudumu mawili na kuifungia ekseli ya magurudumu mawili nyuma, mara nyingi hukuta kwamba katika mwendo mdogo usukani unamtetemekea mikononi. Pikipiki ya kawaida hulala kwenye kona, na pembe ya uma wake wa mbele ilipimwa kwa kazi hiyo. Ya magurudumu matatu hailali. Mwili wake umeshikwa wima na ekseli ya nyuma, na kila msukumo wa ubavuni huishia kwenye gurudumu la mbele. Ndiyo maana mafundi wa huku hubadilisha pembe ya uma ili kuupunguza ule umbali niliousema, na wengine huongeza kifaa cha kuutuliza usukani. Bajaji imeundwa tangu mwanzo kuwa ya magurudumu matatu, kwa hiyo haihitaji kuchezewa pembe. Fundi akikuambia kwamba kiwandani walikosea, mwulize kwa nini ilikwenda salama mwaka mzima.

Jambo la pili la kulijua ni umbo lenyewe. Bajaji tunazoziona Dar es Salaam, na tuktuk za Mombasa na Malindi, nyingi ni za ukoo mmoja. Babu yao ni Ape, chombo cha mizigo cha kampuni ya Piaggio ya Italia kilichotoka mwaka 1948, miaka miwili baada ya pikipiki ya Vespa. Aliyeibuni Vespa, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, naye alilishika gurudumu la mbele kwa upande mmoja tu, kama linavyoshikwa gurudumu la ndege. Kampuni ya Bajaj ya India ilianza kutengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio mapema katika miaka ya 1960, na umbo hilo likaingia katika vyombo vyao vya magurudumu matatu, mpaka jina la kampuni likawa jina la chombo katika lugha yetu.

Basi ukiinama mbele ya bajaji utaona: nguzo ya usukani inateremka, chini yake umeungwa mkono mfupi kwa bushi, mkono huo umeshika ekseli ya gurudumu upande mmoja, na shokapu na springi yake vinauzuia mkono usipande na kushuka ovyo. Yaani kuna viungo vinne ambavyo vinaweza kulegea: gurudumu lenyewe na tairi lake, beringi za ekseli, bushi za mkono, na gololi za nguzo ya usukani, moja juu na nyingine chini. Shokapu, ambayo fundi huitaja kwanza, kazi yake ni kupanda na kushuka. Ikifa, chombo hurukaruka baada ya shimo na hakitulii upesi. Lakini mtikisiko wa kulia na kushoto kwenye lami iliyonyooka, kwa kawaida hautoki kwenye shokapu peke yake. Ukikumbuka hilo tu katika ukurasa huu, umeshaokoa fedha.

Sasa tuje kwenye simu. Nimeyaandika mazungumzo yafuatayo kwa mfano tu, kati ya mjomba aliye Fort Worth na mpwa wake wa Temeke.

— Shikamoo, mjomba.

— Marahaba, mwanangu. Nimesikia habari za gurudumu. Linatikisika ukiwa kwenye mwendo gani?

— Likifika thelathini hivi linaanza. Nikivuka hamsini linatulia.

— Ukiwa na abiria au mtupu?

— Hata mtupu, mjomba, ila nikipakia linazidi.

— Ukikanyaga breki?

— Hakuna tofauti.

— Ukiingia shimoni, husikii mlio wa chuma kugonga chuma?

— Hapana, sijasikia.

— Mara ya mwisho kuziba pancha ya tairi la mbele ni lini?

— Wiki iliyopita, pale Tandika.

— Na mtikisiko ulianza lini?

— Wiki iliyopita, mjomba.

Mjomba huyo hajaiona bajaji, wala hajatuma senti, lakini ameshajua pa kuanzia. Mtikisiko unaokuja katika mwendo fulani na kutoweka ukiuvuka, usiobadilika kwa breki, usio na mlio, na ulioanza siku tairi lilipofunguliwa, karibu kila mara uko kwenye gurudumu lenyewe. Kama mpwa angesema unakuja akikanyaga breki tu, ningeitazama kwanza ngoma ya breki iliyopoteza uduara wake, kisha bushi za mkono. Angesema kuna mlio mashimoni, ningezielekea bushi na gololi za usukani. Na angesema chombo kinavuta upande mmoja bila kutikisika, ningemtuma atazame upepo wa matairi ya nyuma na breki inayong'ang'ania, kabla ya kuligusa la mbele.

Jaribio la kwanza halina gharama, na linanishangaza kwa jinsi lisivyofanywa. Magurudumu ya bajaji hizi ni ya kipimo kimoja mbele na nyuma, rimu ya inchi 8, na chombo huja na gurudumu la akiba. Litolewe la mbele, liwekwe la akiba, dereva aende njia ile ile kwa mwendo ule ule. Mtikisiko ukiondoka, ugonjwa umetoka pamoja na gurudumu, na mazungumzo ya shokapu yamekwisha. Ukibaki, gurudumu limetoka hatiani, na tunapanda juu. Bila shaka gurudumu la akiba liwe zima. La akiba lililochakaa hutoa ushahidi wa uongo.

Likiwa gurudumu ndilo lenye kosa, sababu huwa chache. Rimu za bajaji ni vipande viwili vya bati nene vilivyofungwa pamoja kwa nati. Mziba pancha mwenye haraka hukaza nati za upande mmoja mpaka mwisho kabla ya kugusa za upande wa pili, na vipande havikai sawa. Au huacha kutu na mchanga katikati yake, jambo la kawaida kwetu pwani. Pengine tairi halikukaa vizuri kwenye rimu. Ubavuni mwa tairi, karibu na rimu, kuna mstari mwembamba unaozunguka. Umbali wake na ukingo wa rimu uwe sawa kotekote. Kama mahali pamoja umezama, tairi limekaa upande. Chombo kipandishwe kwa jeki, msumari ushikwe karibu na rimu bila kuigusa, gurudumu lizungushwe polepole: rimu iliyopinda itausogelea msumari na kuukimbia. Fanya vivyo hivyo kwenye tairi, uone kama lina uvimbe.

Hapa naomba tusimame, kwa sababu mtu anaweza kuumia. Kwenye gurudumu hilo kuna nati za namna mbili: zile zinazolifunga kwenye ngoma ya breki, na zile zinazoshikanisha vipande viwili vya rimu. Anayetaka kutoa gurudumu hufungua za kwanza. Akizifungua za pili hali tairi limejaa upepo, vipande viwili vinaweza kuachana kwa nguvu na kumpiga usoni au mikononi. Upepo utolewe wote, mpaka tairi liwe tepetepe, kabla spana haijagusa nati za kuunganisha rimu. Mwambie kijana wako hivyo kwa maneno yako mwenyewe, na umfanye ayarudie.

Kama gurudumu limetoka hatiani, bajaji ibaki juu ya jeki, iwekewe kizuizi nyuma ili isiserereke. Dereva alishike gurudumu la mbele, mkono mmoja juu na mmoja chini, alivute na kulisukuma. Kisha alishike kwa pembeni, afanye hivyo hivyo. Mtu wa pili aweke kidole kwenye kiungo kimoja baada ya kingine wakati gurudumu likitikiswa. Kidole hakidanganyi, mahali kinapohisi chuma kikisogea juu ya chuma ndipo ugonjwa ulipo. Kikisogea kwenye ekseli, ni beringi za gurudumu, au nati yake imelegea na kipini cha kuifunga hakipo. Mkono mzima ukicheza pale ulipoungwa na nguzo, ni bushi. Ikicheza nguzo yenyewe chini ya sahani ya mbele, ni gololi za usukani.

Gololi za usukani zina dalili nyingine ya pekee. Gurudumu likiwa hewani, usukani ugeuzwe taratibu kwa vidole viwili kutoka kushoto kwenda kulia. Unapaswa kwenda kama kisu kwenye siagi. Ikiwa katikati kabisa, pale pa kwenda mbele moja kwa moja, kuna mahali unanasa kama mlango ulioingia kwenye kitasa, gololi zimechimba vishimo kwenye vikombe vyao kwa kupigwa na mashimo ya barabara. Kukaza nati ya juu hakutibu hilo. Usukani utakuwa mzito, mtikisiko utapungua kwa siku chache, kisha utarudi mbaya zaidi. Vikombe na gololi hubadilishwa pamoja, juu na chini, na kutiwa grisi mpya. Kinyume chake, kama unageuka laini lakini unacheza, kuukaza kwa kiasi ndiko kunakotosha, na kazi hiyo ni ya spana na nusu saa.

Niongeze neno juu ya kuosha. Bajaji nyingi siku hizi huoshwa kwa mashine ya maji ya nguvu. Maji hayo yakielekezwa kwenye ekseli na chini ya nguzo ya usukani, hufukuza grisi na kukaa mahali pake. Beringi iliyokuwa ya kudumu hufa mapema, na mwenye mali huilaumu spea ya Kariakoo.

Wenye guta za mizigo, zile zenye mbele kama pikipiki na sanduku nyuma, wanaweza kuyatumia haya yote, isipokuwa kwao gurudumu limeshikwa pande mbili na uma wenye miguu miwili. Waangalie kama miguu hiyo imekazwa kwa urefu sawa na kama mmoja haukupinda. Tena waangalie mzigo. Saruji au magunia yakipangwa nyuma ya ekseli, huinua mbele. Gurudumu la mbele huwa jepesi, na gurudumu jepesi hupapatika kwa urahisi. Bajaji nayo imeundwa kwa dereva na abiria watatu. Akiongezwa wa nne, wa tano na ndoo za samaki, fundi hana dawa ya hilo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kijana anayepeleka hesabu kila jioni anajua kwamba siku bajaji ikilala gereji, hesabu haipo, na kwamba aliye Texas atauliza. Basi gurudumu linaanza kutikisika Jumatatu, naye ananyamaza. Alhamisi linatikisika zaidi, anashika usukani kwa nguvu. Simu inakuja baada ya wiki tatu, wakati beringi ya bei ndogo imeshakula ekseli ya bei kubwa. Aliye kwenye mkataba wa kuichukua bajaji baada ya muda naye ana hofu yake, kwamba kila siku iliyopotea inamsogezea mbali umiliki. Mimi sioni njia nyingine ila mwenye mali aseme wazi, tena mapema: siku ya kukagua mbele ya chombo haina hesabu. Nyuma ya kijana huyo wameketi mama na watoto wa shule ambao hawakuulizwa kama wako tayari kupanda chombo kinachotikisika. Nati ya ekseli ikitoka barabarani, hakuna shokapu mpya itakayowarudisha.

Kwa hiyo kuna hali ambazo hazingoji simu ya pili. Mtikisiko ulioanza baada ya kugonga kitu. Mkono au nguzo yenye ufa au iliyopinda. Ekseli inayocheza waziwazi. Kipini cha nati kisichoonekana. Hapo bajaji isimame palepale, hata kama ni siku ya sokoni. Na fundi akisema atauchomea ufa wa mkono au ataunyoosha kwa moto, kataa. Chuma kilichopashwa moto na kupigwa nyundo hakina tena ugumu wake wa kiwandani, na kiungo hicho ndicho pekee kinacholishika gurudumu la mbele.

Juu ya saa ya kupiga simu: saa nne ya usiku hapa Dallas ni saa kumi na mbili ya asubuhi Dar es Salaam wakati wa kiangazi chetu, na saa moja ya asubuhi wakati wa baridi. Bajaji bado haijaingia barabarani, jua halijawa kali, na kijana hajachoka. Ukimpigia mchana wake atakujibu akiwa na abiria, na majibu yatakuwa mafupi.

Matengenezo yakishafanyika, omba picha ya kifaa kilichotolewa, kikiwa kimefutwa grisi, kando ya kipya. Beringi iliyokufa hujionyesha: ina kutu, au ukiizungusha inakwaruza, na mlio huo husikika hata kwenye simu. Halafu dereva aende mtupu kwanza, kwenye lami, kwa mwendo ule ule uliokuwa ukimtikisa, ashike breki mara kadhaa, na akirudi nati zote za gurudumu zikazwe tena, kwa kuvuka kutoka moja hadi iliyo mkabala nayo. Zikaguliwe mara nyingine baada ya siku mbili tatu za kazi, kwa sababu bati jipya hukaa, na nati iliyokuwa imekaza Jumamosi yaweza kulegea Jumanne.

Wassalaam alaykum.